Kichocho kinavyoharibu ini: kazi ya mtafiti Alan Fenwick na yanayotuhusu sisi wa kando ya ziwa

Katika vipindi vyetu vya afya kuna swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasikilizaji wa mialoni, kuanzia Mugango na Majita hadi Kibara na Kisorya. Mtu alikuwa anavua vizuri, anakula vizuri, hana homa. Tumbo likaanza kujaa, mikono na miguu ikakonda. Siku moja akatapika damu nyingi. Wapo wanaosema amerogwa, na wapo wanaosema ni vidonda vya tumbo. Mgonjwa anazungushwa huku na huku, na mara nyingi anafikishwa hospitali akiwa amechelewa.

Hapa kwetu ziwani, moja ya sababu kubwa za hali hiyo ni kichocho cha tumbo. Minyoo ya kichocho inalijeruhi ini kidogo kidogo kwa miaka mingi bila kumlaza mtu kitandani. Watu wengi wanajua kichocho kinaleta damu kwenye choo au mkojo. Kwamba kinafika kwenye ini, wengi hawajui.

Katika makala hii tunaeleza ugonjwa huo kwa kufuata kazi ya mtafiti mmoja, Profesa Alan Fenwick, Mwingereza aliyeanza kupambana na kichocho hapahapa Tanzania mwaka 1966 na akaendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Tumemchagua kwa sababu alijaribu karibu kila silaha: sumu ya konokono, vidonge, na kampeni za nchi nzima. Mafanikio yake na mapungufu yaliyojitokeza yanatusaidia kuelewa kwa nini kichocho bado kipo Mara leo.

Ini linaingiaje kwenye kichocho?

Nchini mwetu kuna kichocho cha aina mbili. Cha mkojo hushambulia kibofu na viungo vya uzazi. Cha tumbo hushambulia utumbo na ini, na ndicho kinachotawala kando ya Ziwa Victoria.

Safari yake ni hii. Mtu mwenye minyoo anajisaidia majini au kwenye nyasi za ufukweni, na mvua inasomba kinyesi hadi ziwani. Mayai yanaanguliwa, na vijidudu vinavyotoka vinatafuta konokono mdogo, bapa, aliyejiviringisha kama kifungo cha shati. Ndani ya konokono huyo vinazaliana kwa wiki kadhaa. Kisha konokono anaanza kuachia majini vijidudu vyenye mkia, maelfu kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho. Hutoka zaidi mchana jua likiwa kali. Ukiingia majini kuoga, kufua, kuvuta nyavu au kuchota maji, vinapenya kwenye ngozi kwa dakika chache tu. Hakuna haja ya kuwa na kidonda, na hakuna haja ya kunywa maji hayo.

Mwilini vinasafiri na damu, vinakua na kuwa minyoo, dume na jike wakikaa wawili wawili ndani ya mishipa inayotoa damu kwenye utumbo na kuipeleka kwenye ini. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Minyoo hii huishi miaka mitatu hadi 10, na mingine zaidi ya hapo.

Baadhi ya mayai hutoboa utumbo na kutoka na kinyesi. Mengine yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo. Mwili unayazungushia ukuta kama unavyofanya mwiba unapobaki chini ya ngozi, na kila ukuta unaacha kovu. Mwaka 1904 daktari William Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alieleza alichokiona kwenye maini ya watu waliokufa na kichocho: makovu meupe, mazito, yaliyoizunguka mishipa ya damu kama shina la kiko cha udongo. Hadi leo madaktari huyaita makovu ya Symmers.

Makovu hayo yanabana mishipa. Damu inayotoka utumboni inakuta njia imekuwa nyembamba, inarudi nyuma. Bandama inavimba hadi unaweza kuishika kwa mkono upande wa kushoto wa tumbo. Baadaye maji yanaweza kujaa tumboni. Damu inatafuta njia za pembeni, hasa mishipa midogo iliyo kwenye mrija wa chakula, chini ya koo. Mishipa hiyo inatanuka kupita kiasi, na ikipasuka ndipo mtu anatapika damu, au anapata choo cheusi kama lami.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba katika kichocho, chembe za ini zenyewe zinaweza kuendelea kufanya kazi kwa muda mrefu huku mishipa ikizidi kubanwa. Mgonjwa wa kichocho cha ini mara nyingi hana macho ya njano. Kwa hiyo ndugu wakiona macho ni meupe, wanakataa kwamba tatizo liko kwenye ini.

Arusha Chini, 1966

Fenwick alifika Tanzania mwaka 1966 na kufanya kazi na taasisi ya utafiti wa viuatilifu vya kitropiki iliyoko Arusha. Kituo chake cha kazi kilikuwa mashamba ya miwa ya Arusha Chini, kusini mwa Moshi, yale yanayotoa sukari ya TPC tunayoinunua madukani hadi leo.

Miwa inataka maji, na mashamba yale yalikuwa na mifereji ya umwagiliaji kila upande. Kwenye mifereji kulikuwa na konokono, na kando ya mifereji waliishi wafanyakazi na familia zao. Kichocho cha tumbo kilikuwa kimeenea. Kazi ya Fenwick ilikuwa kutafuta namna ya kuwaua konokono kwa dawa inayotiwa kwenye maji, na mwaka 1970 matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO).

Utafiti wake mwingine wa hapo unatugusa zaidi. Yeye na mwenzake Figenschou walilinganisha wakata miwa wenye kichocho na wasio nacho. Kazi ile hulipwa kwa kiasi unachokata, kwa hiyo ilikuwa rahisi kupima. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 1972, yalionyesha kwamba wenye kichocho walikata kidogo kuliko wenzao. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo, na ilikuwa kwa watu waliojiona wazima na waliokuwa wakienda kazini kila siku.

Wavuvi, wakulima wa mihogo na akina mama wanaoanika dagaa hawana anayewaandikia kilo walizobeba na siku walizochoka. Kwetu hasara hiyo haionekani kwenye karatasi yoyote. Utafiti wa Arusha Chini unatuambia ipo.

Sudan: ndege, sumu na kidonge kipya

Mwaka 1971 Fenwick alihamia Sudan, akakaa huko hadi 1988. Alikwenda kwenye skimu ya Gezira, kati ya mito ya Blue Nile na White Nile, moja ya skimu kubwa kabisa za umwagiliaji barani Afrika. Tatizo lilikuwa lilelile la Arusha Chini, ila kwa ukubwa wa kutisha. Yeye na Wasudani aliofanya nao kazi walifikia hatua ya kumwaga dawa ya konokono kwa ndege.

Konokono walikufa, kisha wakarudi. Konokono mmoja akinusurika kwenye kona ya mfereji anaweza kuzalisha kizazi kipya kwa muda mfupi. Sumu inatakiwa kurudiwa tena na tena, ni ghali, na inaua samaki. Katika mfereji wa shamba lenye mwenyewe na bajeti yake, hilo linawezekana kwa kiasi fulani. Katika ziwa kama letu, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,000 na watu wanaotegemea samaki wake, haliwezekani kabisa.

Wakati huohuo dawa mpya ikapatikana. Miaka ya 1970 kampuni mbili za Ujerumani, Bayer na Merck ya Darmstadt, zilitengeneza prazikwanteli. Ni kidonge kinachomezwa mara moja, na kinaua minyoo ya aina zote za kichocho. Ndicho hicho watoto wetu wanachopewa shuleni.

Swali lililobaki lilihusu ini. Minyoo ikifa, makovu yanakuwaje? Hapo awali kuliona kovu ndani ya ini la mtu aliye hai kulihitaji kuchukua kipande cha ini kwa sindano. Mashine ya altrasaundi, ileile inayotumika kumwangalia mtoto tumboni mwa mama, ikaleta mabadiliko. Daktari Msudani Mamoun Homeida na wenzake walithibitisha kwamba altrasaundi inayaona makovu ya Symmers vizuri. Mwaka 1988 Homeida, Fenwick na wenzao wakachapisha katika jarida la Lancet matokeo kutoka vijiji vya Sudan: baada ya watu kutibiwa kwa prazikwanteli, idadi ya wenye makovu kwenye ini ilipungua.

Yaani ini lililoanza kuumia linaweza kupona, hasa kwa mtoto na kijana, endapo minyoo itauawa mapema. Kovu la muda mrefu, lililokwisha kubana mishipa, ni vigumu kurudi nyuma. Kidonge kitaua minyoo na kuzuia makovu mapya, lakini hakitamrudisha mtu alikokuwa. Ndiyo sababu kusubiri hadi tumbo lijae ni hatari.

Misri: funzo chungu la sindano

Kuanzia 1988 hadi 2002 Fenwick alifanya kazi Misri, kwenye mradi mkubwa wa utafiti wa kichocho. Misri ni nchi ya kichocho tangu kale. Mayai yake yamekutwa hata kwenye miili ya watu wa kale iliyohifadhiwa.

Huko kuna kisa ambacho kila mhudumu wa afya anapaswa kukijua. Kabla ya vidonge, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wamisri walitibiwa kichocho kwa sindano za mshipa, na kila mgonjwa alihitaji kuchomwa mara nyingi. Sindano zilitumika kwa mtu mmoja hadi mwingine bila kuchemshwa ipasavyo. Virusi vya homa ya ini aina ya C vikasafiri nazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha uhusiano huo wazi. Nchi iliyokuwa ikipigana na ugonjwa mmoja wa ini ikajikuta imesambaza mwingine, na uchunguzi wa mwaka 2008 ukakuta karibu watu 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 wana dalili kwenye damu za kuwahi kuambukizwa virusi hivyo.

Misri haikukaa kimya. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 iliwapima karibu watu wazima milioni 50 na kuwatibu waliokutwa na virusi kwa vidonge vipya vinavyoponya. Mwaka 2023 WHO iliipongeza kwa hatua kubwa iliyofikia.

Sisi tunachukua mawili hapo. Kwanza, sindano isiyo safi, wembe wa kuchangia na chale za kienyeji vinaweza kubeba homa ya ini B na C. Pili, kichocho leo hakitibiwi kwa sindano. Mtu akikuambia ana sindano ya kichocho, ondoka.

2002: vidonge kwa mamilioni

Mwaka 2002 Fenwick alirudi Uingereza, akawa profesa katika chuo cha Imperial College London, na akaanzisha mpango wa kudhibiti kichocho uliofadhiliwa na taasisi ya Bill na Melinda Gates. Mpango ulianza na nchi sita: Uganda, Tanzania, Zambia, Mali, Burkina Faso na Niger. Serikali za nchi hizo ndizo zilizosimamia kazi. Nchini Uganda, kwa mfano, aliyeongoza alikuwa mtafiti Narcis Kabatereine wa Wizara ya Afya, aliyefanya kazi kubwa katika vijiji vya wavuvi.

Wazo lilikuwa rahisi. Mahali ambapo watu wengi wana kichocho, usimpime kila mtoto. Wape wote kidonge. Uzito wa mtoto unakadiriwa kwa kumsimamisha kwenye fimbo yenye alama: urefu wake unaonyesha anahitaji vidonge vingapi. Wazazi wengi wa Mara mmeiona fimbo hiyo shuleni. Kwa lugha ya wizara inaitwa kingatiba.

Mwaka 2005 Fenwick na wenzake David Molyneux na Peter Hotez walijenga hoja kwamba magonjwa kadhaa ya aina hii, yanayoitwa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, yanaweza kudhibitiwa kwa pamoja kwa gharama ya takriban nusu dola kwa mtu kwa mwaka. Hoja hiyo ilisaidia kufungua mikono ya wafadhili. Merck ya Ujerumani ilianza kutoa prazikwanteli bure kupitia WHO mwaka 2007, na baadaye ikaahidi kufikisha vidonge milioni 250 kwa mwaka.

Morogoro, 2008: kidonge bila maelezo

Kazi hiyo haikwenda laini kila mahali. Mwaka 2008 katika mkoa wa Morogoro, baadhi ya watoto walipata kizunguzungu, kutapika na maumivu ya tumbo baada ya kumeza prazikwanteli shuleni. Uvumi ukaenea kwamba watoto wanapewa sumu. Wazazi wakavamia shule, vurugu zikatokea, na ugawaji wa dawa ukasimama katika maeneo hayo.

Dalili zile zinajulikana. Mara nyingi hutokea mtoto akimeza dawa akiwa na njaa, au akiwa na minyoo mingi inayokufa kwa pamoja. Kwa kawaida hupita ndani ya muda mfupi. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha kabla ya siku yenyewe, na watoto wengine hawakuwa wamekula.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu minong'ono ya aina hiyo haiishi, hata kwetu. Mzazi ana haki ya kuuliza dawa ni ya nini, na mwalimu au mhudumu ana wajibu wa kumjibu. Siku ya kingatiba mpe mtoto uji mzito au chakula cha kushiba kabla hajaenda shule. Akijisikia vibaya baadaye, apumzike chini ya uangalizi, na hali ikizidi apelekwe kituo cha afya.

Hali ya ziwa letu

Tanzania inatajwa kuwa ya pili Afrika kwa ukubwa wa tatizo la kichocho, baada ya Nigeria, na kanda ya ziwa ni moja ya maeneo yenye mzigo mzito. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kituo cha Mwanza, na chuo kikuu cha afya cha Bugando, wamekuwa wakiufuatilia kwa karibu. Watafiti kama Safari Kinung'hi wa NIMR na Humphrey Mazigo wa Bugando wamechapisha kazi nyingi kuhusu kichocho cha tumbo katika vijiji na visiwa vya ziwa hili, zikiwemo za kuangalia maini na bandama za watu kwa altrasaundi.

Moja ya kazi hizo ilifanyika mkoani kwetu. Katika vijiji viwili vya kando ya ziwa wilayani Rorya, utafiti ulikuta wanafunzi 84 kati ya 100 wana kichocho cha tumbo. Hapo ni miaka mingi tangu kingatiba ianze nchini.

Kwa nini bado? Sababu ya kwanza ni kwamba prazikwanteli inaua minyoo mikubwa iliyopo mwilini siku hiyo, lakini minyoo michanga iliyoingia wiki chache zilizopita inaweza kunusurika. Ya pili, dawa haiachi kinga. Mtoto akimeza asubuhi na kuingia ziwani jioni, anaanza upya. Ya tatu, kwa miaka mingi kingatiba imelenga wanafunzi. Mvuvi wa dagaa anayelala majini, mama anayefua na kuosha vyombo ufukweni, na kijana aliyeacha shule wanabaki na minyoo yao, na mayai yao yanaendelea kurudi ziwani. Mtoto mdogo anayeogeshwa kwenye beseni la maji yaliyochotwa saa hiyohiyo naye anaambukizwa kabla hajafika umri wa shule.

Mwaka 2022 WHO ilibadilisha mwongozo wake. Sasa inashauri kwamba mahali ambapo angalau watu 10 kati ya 100 wana kichocho, tiba itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo watu wazima na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya mwanzo. Pia imetengenezwa prazikwanteli ya watoto wadogo, inayoyeyuka kwenye maji na isiyo chungu kama ile ya kawaida. Ilianza kutolewa Uganda mwaka 2025. Mwongozo upo. Kinachohitajika ni halmashauri zetu kupanga dawa za watu wazima kwenye mialo, na sisi wananchi kuziulizia katika mikutano ya vijiji.

Maji na choo

Fenwick aliua konokono, kisha akagawa vidonge. Vyote vilisaidia, na hakuna kimojawapo kilichotosha peke yake. Nchi zilizofanikiwa kukiondoa kabisa kichocho, kama Japani, ziliunganisha tiba, mazingira na usafi kwa miaka mingi.

Kwetu hilo lina maana ya mambo mawili: choo na maji ya bomba. Mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaovuta maji kutoka ziwani, kuyasafisha na kuyapeleka vijijini, mara nyingi huzungumzwa kama suala la kupunguza mwendo wa ndoo. Ni suala la ini pia. Kila kaya inayofua kwenye bomba badala ya ufukweni ina nafasi ndogo ya kukutana na vijidudu vya kichocho. Mwalo wenye choo kinachotumika unakata safari ya mayai mwanzoni kabisa. Kwa wasikilizaji wa Butiama na Bunda walio mbali na ziwa, kumbukeni kwamba malambo na vijito vyenye konokono navyo vinaweza kuwa na kichocho.

Unachoweza kufanya wewe

Kama unaishi au kufanya kazi ziwani, nenda zahanati au kituo cha afya ukapime choo, hata kama hujisikii kuumwa. Ukikutwa na kichocho, meza vidonge vyote kwa pamoja kama ulivyoelekezwa, ukiwa umekula. Rudia kupima kila mwaka kama bado unaingia majini.

Maji ya kuoga yakichotwa ziwani, yaache kwenye chombo safi, kilichofunikwa na kisicho na konokono, kwa siku mbili. Vijidudu vya kichocho hufa ndani ya muda huo. Kuyachemsha kunaua haraka zaidi. Kwa kunywa, maji yachemshwe vilevile, kwa sababu kuna magonjwa mengine ambayo siku mbili hazitayaondoa.

Mvuvi, tumia choo cha mwaloni. Kama mwalo wenu hauna, lipelekeni suala hilo kwa uongozi wa mwalo na kwa afisa afya wa kata.

Usisubiri unapoona dalili hizi: uvimbe mgumu upande wa kushoto wa tumbo, tumbo kujaa maji, choo cheusi kama lami, damu kwenye choo kwa muda mrefu, au kutapika damu. Kutapika damu ni dharura. Usimpe mgonjwa dawa za kienyeji wala dawa za maumivu. Mwahishe hospitali, usiku au mchana. Mkoani kwetu hospitali ya rufaa ni ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, Musoma. Wanaohitaji matibabu ya juu zaidi hupelekwa Bugando, Mwanza. Mishipa iliyotanuka inaweza kuonekana kwa kamera inayopitishwa mdomoni na kufungwa kabla haijapasuka tena, na zipo dawa za kupunguza hatari hiyo.

Mwisho, ini lina maadui wengine, na mtu mwenye kichocho hapaswi kuwaongeza. Homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Chanjo yake imo kwenye sindano za watoto za wiki ya 6, 10 na 14, na mtu mzima anaweza kuomba kupimwa na kuchanjwa. Gongo na pombe nyingi huliumiza ini moja kwa moja. Mahindi na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, ambayo ni moja ya visababishi vya saratani ya ini. Zianikeni zikauke vizuri na mtupe zilizoota ukungu, msiwape hata kuku.

Ukiwa na swali kuhusu makala hii, tutumie ujumbe kupitia kipindi chetu cha afya, nasi tutalipeleka kwa daktari alijibu hewani. Ukimjua mtu wa mwaloni mwenye tumbo linalojaa bila sababu inayoeleweka, msomee makala hii, kisha msindikize zahanati akapime.